Soli Imebaki Kwenye Zege, Mimi Nimepita

Wale mlioiona kwenye magrupu ile klipu ya fundi anayejikwamua kwenye zege na soksi, tulieni. Ndiyo, mwenye ile soksi ya bluu ni mimi. Aliyerekodi ni swahiba wangu fundi nondo, na kaanzia katikati makusudi: mmeona nilivyotoka, hamjaona nilivyoingia.

Jana ilikuwa siku ya kumwaga slabu. Mikisa inanguruma, karai zinapanda, na mimi kama kawaida nimesimama mbele ya vibarua natoa darasa la viatu. Darasa lenyewe lilikuwa zuri, msinicheke. Buti yenye alama ya usalama S3 ina kofia ya vidole inayohimili jouli 200, yaani kama kilo 20 zikidondoka kutoka mita moja, na juu ya soli kuna kinga ya kuzuia msumari. Mchomeleaji asichomekee suruali ndani ya buti, cheche zikidumbukia humo atacheza ngoma asiyoijua, na kamba hazifunguki kwa haraka. Mpishi avae kiatu kilichofunika vidole, chenye soli isiyoteleza kwenye mafuta. Kandambili ni za bafuni.

Kijana mmoja akauliza, "Fundi, na wewe mbona umeingia kwenye zege na buti za ngozi?"

"Hizi S3, mdogo wangu," nikamjibu. Nikapiga hatua ili anielewe vizuri.

Sasa hizo buti. Nyeusi, zinang'aa, zimekaa kwenye boksi juu ya kabati tangu mradi ambao hata mkandarasi wake simkumbuki. Na hili joto la Dar mnalijua. Soli zake ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani huozeshwa na unyevu wa hewani hata kama kiatu hakijaguswa. Joto linaharakisha tu. Ngozi inabaki nzima, soli inakuwa biskuti. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimeandikwa kwenye ulimi wa kiatu. Mimi ulimi nilioutumia ni wangu.

Mguu wa kushoto ukazama hadi ukakanyaga nondo. Nikauinua. Ukaja mwepesi mno, wepesi wa kutia shaka. Nikatazama chini: soli imelala kwenye zege, kisigino kimekaa juu kama kinasubiri daladala. Chini ya mguu wangu limebaki bati la kinga ya msumari, linameremeta. Kinga kweli inafanya kazi, hilo nalithibitisha. Nikasogea kwa mguu wa kulia, buti ikanasa chini ya nondo. Nikavuta. Nikavuta tena. Jamani, mguu ulitoka peke yake! Soksi ya bluu ikaning'inia hewani, vibreta ya kushindilia zege ikazimwa, kimya. Nikayumba, na pa kukanyaga hapakuwepo ila kwenye zege. Pwaa! Zege likapenya katikati ya vidole, na hapo ndipo klipu inapoanza.

(Anayeandika "fundi kajizindua" nimemwona. Tutaonana.)

Yaliyofuata mafupi. Mimi bombani, maji yanayotiririka dakika 20, maana saruji mbichi inababua ngozi na mwanzoni huisikii. Fomeni akaamuru soli na vipande vyote vifukuliwe kwa mwiko, slabu haijengwi kwa mabaki ya viatu. Yule kijana muuliza maswali akaniazima gambuti zake za akiba, namba 45. Mimi navaa 41. Nimeshinda nikitembea kama bata hadi jioni, suruali ikiwa nje ya gambuti ili zege lisidumbukie ndani, na kila nikifungua mdomo kuhusu viatu naulizwa, "S ngapi hizo, fundi?"

Kwa hiyo mwenye gambuti namba 41, alama S5 (ndiyo S3 ya gambuti), kofia ya vidole na kinga ya msumari viwemo, anitafute. Kabla sijatoa hela nitaikandamiza soli kwa ukucha mbele yako. Usinune.