Kayaba haijakukosea, wewe ndiye hukuikata

Kuna tangazo la nyumba linalozunguka kwenye simu za watu wa Kiambu, na sifa yake ya tatu, baada ya kisima na maegesho ya magari mawili, ni hii: "ua wa zamani wa kayaba umeng'olewa, ukuta wa kisasa umejengwa." Kayaba, ule mti wa miiba na matunda makali unaopandwa kuwa ua, umeng'olewa! Utadhani wanatangaza nyumba iliyopigwa dawa ya kunguni. Na wachangiaji wakashangilia: kayaba ni ya kijijini, kayaba inaficha wezi, kayaba ina matundu chini mbwa wa jirani anapita bila hata kuinama.

Hilo la matundu ni kweli. Nyua nyingi za kayaba, kuanzia Limuru hadi Nyeri, ndivyo zilivyo: juu msitu, chini miguu mitupu. Mbuzi anapita, kuku anapita, mwanafunzi mtoro anapita na begi lake mgongoni. Lakini kosa si la mti. Kosa lilifanyika mwaka wa kwanza, miche ikiwa haijafika magotini, na aliyelifanya ni mwenye ua aliyeogopa kukata.

Mche wa kayaba ukiachiwa ujiamulie unakimbilia juu. Ncha yake hutoa homoni inayoteremka kwenye shina na kuyalaza macho yote ya chini, yaani zile sehemu za shina zinazochipuza matawi. Macho yapo, yana uhai, ila hayachipui maadamu ncha ipo. Ondoa ncha, na macho matatu manne yaliyo chini kidogo ya kidonda yanaamka kwa pamoja. Matawi huanzia pale ulipokata, basi. Ukikata karibu na kifundo cha mguu, ua unaanza kufumana hapo hapo. Ukingoja mche ufike kifuani "upate nguvu kwanza", matawi yataanzia kifuani, na huko chini utabaki na fito tupu hadi siku ya kuandika tangazo la kuuza nyumba. Hakuna samadi wala mbolea ya dukani itakayoshusha tawi.

Kwa hiyo: mche ukifika sentimita 45, ushushe hadi 20. Naam, zaidi ya nusu. Najua unavyouma, hasa ukikumbuka miche uliinunua mmoja mmoja. Kata. Vichipukizi vipya vikifika kama shibiri moja, vipunguze nusu. Kila mkato unaofuata uuruhusu ua upande sentimita 15 hadi 20 tu juu ya mkato uliopita, hata kama mvua imekuwa nzuri na mche umerusha nusu mita. Hasa kama umerusha nusu mita, maana vichipukizi virefu vya mvua nyingi ndivyo vinavyoacha nafasi pana zaidi kati ya jani na jani. Kwa mwendo huo ua unafika mita moja na nusu kati ya mwaka wa tatu na wa nne, ukiwa umefumana kutoka ardhini. Anayeuachia bila kuukata anafika urefu huo mapema zaidi, akajisifu kwa majirani, halafu mwaka wa tano anaanza kuziba matundu kwa mabati.

Kosa la pili ni la panga. Tazama mtu anavyofyeka ua: anasimama karibu, anarusha mkono kutoka chini kwenda juu, na panga linatoka nje linapopanda. Mwisho wa kazi ua ni mpana juu na mwembamba chini. Sehemu ya juu inaifunika ya chini isipate jua, majani ya chini yanakufa, matawi yaliyoyabeba yanafuata, na hata ile kazi nzuri ya mwaka wa kwanza inapotea. Umbo linatakiwa liwe kinyume: chini mita moja, juu sentimita 60. Funga kamba pande zote mbili, ya chini na ya juu, ukate kwa kuzifuata. Usiamini jicho, jicho linadanganya baada ya mita tano. Makasi ya ua ni bora kuliko panga kwa matawi membamba. Kama ni panga, lipigwe tupa kabla ya kuanza na katikati ya kazi, kwa sababu panga butu halikati bali linachana, na tawi lililochanwa hufa kurudi nyuma kupita pale ulipokusudia. Kata mara mbili kwa mwaka angalau, mvua zinapoanza. Ukikata kwa nguvu Januari jua likiwa kali, majani ya ndani ambayo hayajawahi kuona jua yanaungua yakawa kahawia, kisha utasema mti una ugonjwa.

Wale wanaoionea haya kayaba kwa kuwa ni ya kijijini wawaulize Waingereza, maana najua ndio wanaoaminiwa. Mashamba yao yamezungushiwa hothoni, Crataegus monogyna, mti wa miiba wenye maua meupe na vitunda vyekundu. Sehemu kubwa ya nyua hizo ilipandwa kati ya 1750 na 1850, ardhi ya jumuiya ilipokuwa ikigawanywa na kufungwa kwa sheria za Bunge (hao waliofungiwa nje hawakuwa na la kushangilia, ila hiyo ni habari ya siku nyingine). Mkulima wa kule hupanda miche mitano au sita kwa kila mita, mistari miwili iliyopishana, wakati wa baridi mti ukiwa umelala, na wengi huikata miche hiyo hadi sentimita 15 siku ile ile ya kuipanda. Hawasubiri hata ishike. Baada ya miaka mingi ua ukianza kuonyesha miguu, wanaulaza: shina linakatwa karibu na ardhi hadi kubaki ulimi mwembamba wa gome na mti, linainamishwa upande, linashikiliwa kwa vigingi vya kila nusu mita hivi, na machipukizi mapya yanapanda kutoka kwenye kisiki na kwenye shina lililolala. Na wana shida ambayo sisi hatuna: mbegu ya hothoni iliyosiwa bila matayarisho inaweza kukaa ardhini miezi 18 kabla ya kuota. Kayaba ikisiwa mbichi inaota kwa wiki tatu nne hivi.

Mbegu zenyewe zitoe kwenye matunda yaliyoiva na kudondoka, zioshe hadi utelezi uishe, zianike kivulini siku moja mbili, usie. Ukinunua miche ya mifuko, geuza mfuko uangalie chini. Mzizi uliojiviringa ndani ya nailoni utaendelea kujiviringa ardhini, na mche huo utadumaa huku wenzake wakipanda. Kataa, hata kama mwuzaji ni shemeji yako.

Chimba mtaro, si mashimo. Upana sentimita 45, kina vivyo hivyo, udongo wa juu uweke kando na uuchanganye na samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita mbili. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Panda mwanzoni mwa masika, kila sentimita 30. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa mita 91. Ukitoa lango la mita nne zinabaki 87, yaani miche 290, nawe nunua 320 kwa sababu mingine itakufa. Mstari uwe mita moja ndani ya bikoni za mpaka. Watu wanapanda juu ya mpaka wenyewe, ua unanenepa, nusu yake inahamia kwa jirani, na hapo hata chifu hawezi kuwapatanisha. Na tafadhali usipitishe seng'enge katikati "kusaidia kwa muda". Mti unaimeza, na miaka kumi baadaye panga la mtu linagonga chuma kwa nguvu zote.

Ua uliokwisha kuharibika unarudishwa. Masika yakianza, ukate wote hadi sentimita 20 au 30 kutoka ardhini, weka wavu wa muda upande wa nje, kisha uuanze upya kama ambao ndio kwanza umepandwa, kwa mikato ile ile. Kisiki cha kayaba kinachipua vizuri, tena haraka kuliko mche kwa sababu mizizi tayari ipo. Usipong'oa visiki umeokoa miaka miwili. Kwa matundu madogo, inamisha vichipukizi vilivyo bado laini, unene wa kidole hivi, uvifunge kwenye ufito uliolazwa. Shina gumu ukililazimisha linavunjika. Linaloshindwa kila mara ni kuchomeka mche mmoja kwenye tundu kati ya miti mikubwa. Pale chini kuna kivuli na mizizi ya wakubwa imeshakunywa kila kitu. Ukilazimika, chimba shimo la nusu mita, katilia mbali mizizi ya jirani zake, weka udongo mpya, punguza matawi ya juu jua lishuke, na umwagilie msimu mzima.

Na hivyo vingine vinavyopendekezwa badala ya kayaba? Ukuta unaupinda upepo ukatua kwa kishindo upande wa pili, ua unauchuja. Saiprasi hainenepi chini ikizeeka, na ukiikata hadi kwenye mti mkavu usio na majani haichipui tena. Mnyaa ni rahisi kupanda, sawa, lakini utomvu wake ukiingia jichoni utakesha hospitali.

Haya, na mimi nikubali yangu, shingo upande. Miaka mitatu ya kusubiri ni mirefu kama ng'ombe wa jirani ana njaa leo. Kwenye ploti ndogo ya mjini, ule upana wa mita moja pande zote unauma kweli. Mboga zilizopandwa karibu na ua hudhoofika; acha mita moja, au kila mwaka shusha jembe kwenye mstari kati ya ua na bustani ukate mizizi. Miiba inafika sentimita saba, inatoboa tairi, na ikivunjikia mwilini inavimbisha, kwa hiyo vaa glavu za ngozi na miwani, kusanya matawi siku hiyo hiyo kwa reki, yakauke mahali pamoja ambapo watoto hawapiti, kisha yachome. Hayafai kwa mboji, miiba inabaki hata majani yakishaoza. Na ndiyo, ua usiokatwa unaficha mtu. Ukatwe basi!

Wanaong'oa pia wanasahau kwamba kayaba ni mti wa matunda. Ua uliokatwa vizuri hauzai sana kwa sababu unaondoa matawi yanayotoa maua, kwa hiyo acha mti mmoja au miwili kwenye kona ikue huru. Ila chagua kwa macho: kayaba ina miti dume na miti jike, jike ndiye anayezaa, na dume lazima awepo karibu. Ngoja uone tunda kwanza ndipo uuchague mti wa kuacha, vinginevyo utalea dume miaka minne ukilaumu udongo.

Tunda ni kali mno kuliwa hivi hivi, lakini jamu yake haihitaji kitu cha kuigandisha. Chukua kilo moja, robo yake yawe hayajaiva kabisa, maana yaliyoiva mno hayagandi vizuri. Yapasue, weka maji vikombe viwili, chemsha polepole hadi yalainike, kama nusu saa, kisha yapitishe kwenye chujio maganda na mbegu vibaki. Pima rojo: kila kikombe, kikombe cha sukari. Rudisha motoni, moto mkali, koroga, na baada ya dakika 15 anza kujaribu kwa tone kwenye sahani baridi. Ukilisukuma kwa kidole likajikunja, epua. Ukipitiliza utapata peremende ya kuvunja kwa nyundo. Usipikie kwenye sufuria ya aluminiamu, asidi ya tunda inaila na jamu inapata ladha ya chuma. Tumia ya stenlesi, au ile ya enameli ambayo haijabanduka ndani.