Mwenye Nyumba Alisikia: Kuyakumbuka Maandamano ya Novemba 1969

Jioni ya Alhamisi, tarehe 13 Novemba 1969, watu walianza kuondoka mmoja mmoja kwenye lango la makaburi ya kitaifa ya Arlington, ng'ambo ya mto Potomac, wakaelekea Washington kwa miguu. Kila mmoja alivaa shingoni kibango chenye jina moja, na mkononi alishika mshumaa aliokuwa ameukinga kwa kikombe ili upepo usiuzime. Jina lile lilikuwa la askari wa Marekani aliyeuawa Vietnam, au la kijiji cha Vietnam kilichoangamizwa. Mbele kabisa zilisikika ngoma za mazishi, na miongoni mwa waliotangulia alikuwamo mjane mwenye umri wa miaka 23 aliyebeba jina la mumewe.

Walivuka daraja katika baridi na mvua, wakatembea hadi mbele ya Ikulu. Hapo kila mtu alisimama, akageuka kulitazama jengo, akalitaja kwa sauti jina alilobeba, kisha akaendelea na safari hadi kwenye jengo la Bunge, ambako alikivua kibango chake na kukilaza ndani ya jeneza. Aliyemfuata alifanya vivyo hivyo, na aliyemfuata huyo, usiku kucha, mchana kutwa wa Ijumaa na usiku wa pili, mpaka asubuhi ya Jumamosi. Waliopita walikuwa wapatao 40,000. Waandalizi waliyaita Maandamano Dhidi ya Kifo, na sijui jina ambalo lingeyafaa zaidi.

Naanza na usiku ule kwa makusudi, kwa sababu katika kumbukumbu za miaka hii umefunikwa na mkusanyiko wa Jumamosi iliyofuata. Tarehe 15 Novemba, umati unaokadiriwa kuwa kati ya watu 250,000 na zaidi ya 500,000 ulijaza eneo la Mnara wa Washington, mwanamuziki Pete Seeger akauongoza katika wimbo wa kuomba amani ipewe nafasi, na hadi leo mjadala ni ule ule wa idadi yao na iwapo walisimamisha vita. Nami kwa miaka mingi niliyauliza maswali hayo hayo, nikayajibu upesi kwamba walikuwa wengi mno na kwamba hawakusimamisha chochote. Sasa naamini jibu hilo linawadhulumu waliotembea.

Waswahili husema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, na Rais Richard Nixon alijitahidi sana kuonekana kuwa mwenye nyumba wa namna hiyo. Tarehe 26 Septemba 1969, alipoulizwa na waandishi wa habari kuhusu siku ya kitaifa ya kusimamisha shughuli iliyokuwa ikiandaliwa dhidi ya vita, alijibu kwamba hali yoyote iwayo, yeye hataathiriwa nayo hata kidogo. Siku hiyo ilipofika, tarehe 15 Oktoba, takriban watu milioni mbili walishiriki kote nchini, na usiku Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, aliongoza msafara wa mishumaa uliopita mbele ya Ikulu. Tarehe 3 Novemba Nixon alilihutubia taifa kwa televisheni na kuwaomba wale aliowaita walio wengi wasiopiga kelele wamuunge mkono, na wengi walimuunga mkono kweli kweli. Maandamano ya katikati ya Novemba yalipowadia, mabasi yalipangwa yakigusana kuizunguka Ikulu kama ukuta, na taarifa iliyotolewa ilikuwa kwamba Jumamosi ile Rais alikuwa akitazama mpira wa miguu wa Kimarekani kwenye televisheni.

Mtu aliyetembea usiku kucha akiwa na mshumaa, kisha akasikia habari hiyo ya mpira, ana haki ya kuamini kwamba ametembea bure. Wengi waliamini hivyo. Vita viliendelea. Tarehe 30 Aprili 1970 Nixon alitangaza kwamba majeshi yanaingia Kambodia, na siku nne baadaye wanafunzi wanne waliuawa kwa risasi na askari wa akiba wa Ohio katika chuo kikuu cha Kent State. Mkataba wa amani wa Paris haukutiwa saini mpaka tarehe 27 Januari 1973, na kufikia wakati huo maelfu ya majina mengine yalikuwa yameongezeka juu ya yale yaliyolazwa kwenye majeneza.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo waandamanaji hawakulijua, wala hawangeweza kulijua. Katika miezi ya kiangazi ya mwaka 1969, Nixon alikuwa ameipelekea serikali ya Vietnam Kaskazini onyo la siri kwamba kama hakutakuwa na maendeleo katika mazungumzo kufikia tarehe 1 Novemba, angechukua hatua nzito za kijeshi. Wasaidizi wa Henry Kissinger, mshauri wa Nixon wa usalama wa taifa, walikuwa wakiuandaa mpango wenyewe, uliopewa jina la siri la Duck Hook, na ndani yake mlikuwamo mashambulizi makali ya mabomu dhidi ya Vietnam Kaskazini pamoja na kutega mabomu majini katika bandari ya Haiphong. Tarehe 1 Novemba ilifika ikapita, na mashambulizi hayo hayakufanyika. Katika kumbukumbu za maisha yake alizochapisha mwaka 1978, Nixon mwenyewe aliandika kwamba ingawa hadharani aliendelea kuupuuza upinzani dhidi ya vita, ilimbidi akubali kwamba huenda ulikuwa umeliondolea onyo lake uzito mbele ya Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini.

Sitaki kuligeuza jambo hili kuwa hadithi nyepesi ya ushindi. Mpango ule ulikuwa na wapinzani ndani ya serikali yenyewe, akiwamo Waziri wa Ulinzi Melvin Laird, na wapo wanahistoria wanaoupa upinzani huo wa ndani uzito mkubwa kuliko mishumaa ya barabarani. Tena bandari ya Haiphong ilitegwa mabomu hatimaye, Mei 1972. Hata hivyo, mtu anayesema kwamba maandamano ya msimu ule hayakugusa chochote anabishana na Nixon mwenyewe. Waliolala mahabusu na waliovuta moshi wa mabomu ya machozi mbele ya Wizara ya Sheria jioni ya Jumamosi ile walisubiri miaka tisa kusoma kwamba mlango waliougonga ulikuwa umesikika ndani.

Kuna ushahidi mwingine, mdogo zaidi, ambao mimi unanigusa kuliko huo. H. R. Haldeman, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu, aliandika shajara kila siku, na ilipochapishwa mwaka 1994, mwaka uliofuata ule wa kifo chake, ilionekana kwamba Rais alikuwa akiyafuatilia maandamano yale kwa karibu, na kwamba miongoni mwa mawazo aliyotoa lilikuwamo la kutumia helikopta kuizima mishumaa kwa upepo wake. Ninapoisoma habari hiyo naona chumba chenye taa, naona mtu mwenye mamlaka makubwa kuliko wote duniani, na nje naona kijana anayekinga mwali kwa kiganja huku akingoja zamu yake ya kutaja jina. Mtu asiyejali hawazi namna ya kuuzima mshumaa wa mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema tuyakumbuke maandamano yale kwa majina kabla ya kuyakumbuka kwa idadi. Serikali yoyote iliyo vitani huzungumza kwa hesabu, na mwaka ule hesabu zilikuwa nyingi: mapema mwaka 1969 askari wa Marekani walioko Vietnam walizidi 540,000, na kila wiki ilitangazwa idadi ya waliouawa kwa pande zote mbili, kana kwamba vita ni daftari la mapato na matumizi. Waandamanaji walikataa kuzungumza lugha hiyo. Jina moja kwa mtu mmoja, na hatua nyingi kati yake na linalofuata, ni mwendo wa polepole unaomlazimisha msikilizaji atambue kwamba 40,000 ni wingi unaochukua usiku mbili na mchana mmoja kupita mbele ya dirisha lake.

Mwaka 1982 majina ya askari yalichongwa kwenye ukuta wa mawe meusi uliobuniwa na Maya Lin, ambaye alipoubuni alikuwa bado mwanafunzi, na ukuta huo umesimama katika mji ule ule ambamo majina mengi kati ya hayo yalikuwa yameitwa kwa sauti miaka 13 kabla. Leo yamezidi 58,000. Watu hugusa jina kwa vidole, huweka karatasi juu yake na kulipitishia penseli, kisha huondoka nalo. Kila ninapoona picha za wanaofanya hivyo nawakumbuka waliobeba majina hayo wakati ambapo kuyataja mbele ya Ikulu kulihesabiwa na wengi kuwa ni usaliti.

Vibango vyenye majina ya vijiji havikupata ukuta huko Washington, na hili ndilo linalonisumbua zaidi kila Novemba inapofika. Wiki ile ile ambayo vilipitishwa mbele ya Ikulu, magazeti ya Marekani yalianza kuchapisha habari ya mwandishi Seymour Hersh kuhusu kijiji cha My Lai, ambako askari wa Marekani waliwaua wanakijiji, wakiwamo wanawake, watoto na wazee, tarehe 16 Machi 1968. Mwaka 1995 serikali ya Vietnam ilitangaza kwamba raia waliokufa katika vita vile walikuwa takriban milioni mbili. Waandalizi wa Novemba 1969 walielewa jambo ambalo kumbukumbu za baadaye zimelipunguza: waliziweka orodha zote mbili katika mstari mmoja, askari na kijiji, vibango vya namna moja, mishumaa ya namna moja, majeneza yale yale. Mahali pengi ambapo maandamano yale yanakumbukwa sasa husomwa orodha moja tu, na nionavyo mimi, anayeisoma nusu ameyakumbuka maandamano mengine.

Majina yenyewe hayakupotea. Huko Son My, mkoa wa Quang Ngai nchini Vietnam, upo ukuta wa kumbukumbu ya My Lai wenye majina 504 ya waliouawa siku ile, pamoja na umri wa kila mmoja.