Nusu Inchi, Nusu Milimita, Wazimu Mzima

Watu wanabishana eti nchi inayotumia futi na ratili ihamie mita na kilo au ibaki ilivyo. Mimi nasema ihame. Ila ikihama, ihame na vyombo vyake vyote, isiache godoro nyumba ya zamani halafu kila usiku irudi kulala huko. Inchi peke yake haimsumbui mtu. Balaa ni inchi na milimita kuwekwa pamoja kwenye chombo kimoja cha spana.

Tazama tairi. Ubavuni limeandikwa 205/55 R16. Hiyo 205 ni upana kwa milimita. 55 ni asilimia: kimo cha ubavu ukikilinganisha na huo upana. Na 16 ni kipenyo cha rimu, kwa inchi! Ukitaka kujua tairi lina kimo gani, zidisha 205 kwa 0.55, upate 112.75. Zidisha mara mbili, maana ubavu uko juu na chini: 225.5. Kisha chukua 16 uzidishe kwa 25.4, upate 406.4. Jumlisha: milimita 631.9. Hesabu yote hiyo, na bado hujafungua hata nati moja.

Na nati zenyewe ndizo hizo. Kichwa cha bolti ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 12 haiingii. Ya 13 inaingia, inacheza kidogo, fundi anasema "inatosha hiyo". Bolti ikiwa imeshika kutu, ule uwazi wa milimita 0.3 unatosha kula kona zote sita, na kuanzia hapo ni patasi, nyundo na matusi. Halafu kuna spana ya 19 na bolti ya robo tatu inchi. Zimepishana milimita 0.05 tu, zinafunguana bila ugomvi. Hizo ndizo zinazompa fundi kiburi cha kujaribu zile nyingine.

Nyuzi, yale meno yanayozunguka bolti na nati, ndiyo mbaya zaidi. Bolti ya milimita 8 na nati ya inchi 5/16 ukizitazama ni pacha: 8 kwa 7.94. Nati inaanza vizuri, inazunguka kidogo, inakaza. Mwenye haraka anadhani ni uchafu, anaongeza nguvu. Si uchafu, bwana. Hatua ya uzi, yaani umbali wa jino hadi jino, kwa mmoja ni milimita 1.25, kwa mwingine ni 1.41. Ukilazimisha, nyuzi zinakatika, na sasa huna bolti wala nati. Nati ikigoma kwenye vidole, irudishe ulikoitoa.

Kwenye bomba la nusu inchi sisemi mengi. Pima nje kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene: ni kama milimita 21. Hiyo nusu ni ya tundu, ya enzi za mababu. Na nyuzi za Kiingereza na za Kimarekani kwa saizi hiyo zote ni 14 kwa inchi, ila pembe ya meno ya moja ni digrii 55 na ya nyingine ni 60. Zinaingiana, zinavuja. Ongeza utepe mweupe upendavyo, maji yakipata presha yatatoka.

Wanaosema "tuhame polepole, tutazoea" niwape ya Kanada. Mwaka 1983 walikuwa katikati ya kuhama. Ndege mpya ya Boeing 767 ilipima mafuta kwa kilo, wahudumu wa uwanjani bado walikuwa na mazoea ya ratili, na kipimo cha mafuta ndani ya ndege kilikuwa kibovu. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kwenye matangi mlikuwa na lita 7,682. Wakazizidisha kwa 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya kama 0.8 ya kilo, na jibu wakalichukua kuwa ni kilo. Wakaongeza lita 4,916, wakati zilitakiwa kama 20,000. Injini zikazima angani. Rubani akaishusha ikielea kama tiara hadi mji wa Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa ndege uliogeuzwa wa mbio za magari, na hakuna aliyekufa.

Marekani nao walitunga sheria mwaka 1975, ya hiari. Hiari! Nani ataanza kununua spana mpya kwa hiari? Bodi ya kuwahamisha ikafungwa mwaka 1982. Na kichekesho ni kwamba tangu 1959 inchi yao imewekwa kuwa milimita 25.4 kamili, yaani wanapima kwa mita huku wanakataa. Australia walibadilisha vibao vya kasi barabarani Julai 1974, mwezi mmoja, kwisha.

Na kuhama si kubandika lebo. Kiwanda kinachoendelea kutoa bamba la nusu inchi na kuandika "12.7 mm" hakijahama, kimevaa kofia tu. Hamia 12 au 13, badilisha kekee, badilisha michoro, uza spana za zamani kwa chuma chakavu. Televisheni wabaki nayo kwa inchi kama wanaipenda sana, ile hatuifungui kwa spana.