Bushi Kumi na Mbili na Mama Mkwe Mmoja

Corolla 110 yangu ilianza kwa kusema "ko" kwenye tuta la kwanza ukitoka nyumbani. Tuta moja, "ko" moja. Nikaongeza sauti ya redio. Baada ya miezi miwili ikawa inasema "koko-ko", na nikikanyaga breki ghafla mkia unahama kushoto kama mtu aliyemwona anayemdai. Matairi ya nyuma yakaanza kuliwa upande wa ndani, ukiyatazama kwa nje mapya kabisa. Fundi wa mtaani kwetu Segerea akaipiga jeki, akachomeka mtaimbo kwenye mkono mmoja wa nyuma, moja ya vile vyuma vinavyoshika tairi, akausukuma kidogo tu. Mkono ukacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu, bushi zote zimekwisha."

"Zote ndiyo ngapi?"

Akahesabu kwa vidole vya grisi. Kila upande una mikono mitatu, miwili imelala kuelekea katikati ya gari na mmoja unakwenda mbele. Kila mkono una bushi mbili, yaani raba iliyobanwa kati ya bomba la ndani na ganda la nje la chuma, moja huku, moja kule. Kumi na mbili. Kazi pamoja na vifaa, laki tatu na nusu.

Sasa mimi nafundisha Fizikia, kidato cha pili. Mtu anayefundisha watoto nguvu na mwendo kutwa nzima hawezi kumpa mtu laki tatu na nusu amkandamizie raba kwenye tundu. Nikamwambia nitamrudia. Akacheka, akasema, "Utarudi tu, mwalimu." Kicheko kile ndicho kilichonipeleka Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea.

Bushi kumi na mbili kwa elfu nane kila moja, elfu tisini na sita. Muuzaji akazimimina kwenye mfuko, nami sikuhesabu, maana nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nilichookoa.

Kufungua nilidhani ni kazi ya saa moja. Kule kwenye tairi kuna bolti ndefu inayopita mikono miwili kwa mkupuo. Nati ikatoka kwa adabu. Bolti ikagoma. Miaka ishirini na kitu ya hewa ya chumvi ya Dar ilikuwa imeifungisha ndoa na bomba la ndani la bushi. Ukizungusha, raba nayo inazunguka. Ukigonga, inanesa na kukurudishia nyundo usoni. Mimi na shemeji yangu tuliigonga Ijumaa nzima tangu nitoke kazini. Ilipotoka hatukushangilia, tulikaa chini tu tukaitazama.

Bushi kuukuu nazo zilikuwa zimeng'ang'ania ndani ya mikono. Nilikuwa nimesikia mafundi huzichoma raba, halafu ganda la chuma linalobaki hupasuliwa kwa msumeno. Moto niliokuwa nao karibu ni jiko la mkaa la mke wangu, na juu yake palikuwa na maharage. Nikayatenga pembeni, hatua mbili tu, nikafunika. Nikaweka mkono wa kwanza kwenye mkaa.

Moshi wa raba haukwenda juu. Ulitambaa kwanza, mweusi mzito, ukapita kwenye kamba ya nguo za jirani yetu, zikiwemo sare nyeupe tatu za shule, ndipo ukaingia dirishani kwake kumwarifu. Siandiki alichosema. Maharage tuliyala usiku ule kwa sababu yalikuwa kilo mbili. Binti yangu wa darasa la nne akatafuna, akafikiri, akauliza kama ndiyo harufu ya gari letu likiwa na afya.

Kisha nikafanya jambo la kisomi. Chuma kikipoa husinyaa, hata kidato cha pili wanajua. Nikazifunga bushi mpya zisiingie unyevu, moja moja, kwenye vifuko nilivyovikuta jikoni, nikazilaza kwenye friza zilale usiku kucha. Asubuhi zitaingia zenyewe. Friza yenyewe ni ya biashara, mke wangu anauza barafu za ubuyu, mia mbili mia mbili, na mhasibu ni yule yule binti wa darasa la nne. Vifuko vilikuwa vya barafu. Na usiku ule umeme ukakatika. Hayo yote nilikuwa nayajua, ila kila moja peke yake.

Jumamosi asubuhi nikatoa bushi, nikahesabu kumi na moja. Nikahesabu tena. Nikapanda daladala hadi Gerezani na hasira zangu, nikamwambia yule muuzaji maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, kwamba yeye na mizani ya Akhera watakutana. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba alinipa kumi na mbili. Nikamlipa elfu nane nyingine kwa dharau, nikaondoka bila kuaga.

Za friza hazikuingia zenyewe. Baadaye nilipiga hesabu: chuma cha kipenyo cha milimita 40, kimepozwa kwa nyuzi 48 hivi, kinasinyaa milimita 0.023. Unywele ni mnene kuliko hiyo. Fundi wa mageti pale kona, mwenye jiliwa kubwa, alipoona bushi zina barafu hakuuliza. Aliifuta ya kwanza kwa kanzu yake ya kazi, akapaka maji ya sabuni, akaweka soketi kubwa iguse ganda la nje tu isiguse raba, akakaza. Ikaingia ikilia. Kumi na mbili kwa saa moja, elfu ishirini na soda.

Jioni gari likiwa juu ya stendi, matairi yananing'inia, nikarudisha kila kitu. Nikakaza bolti zote mpaka spana ikalia, nikaongeza na robo ya upendo. Nikashusha jeki.

Haikushuka sawasawa. Yaani matairi yaligusa chini, lakini nyuma ilibaki juu, mkia umebinuka kama kuku anayetaka kutaga. Shemeji akasema, "Imependeza." Mimi nikasema ni kwa sababu bushi ni mpya, raba bado zina nguvu. Niliamini, au niliamua kuamini, kwa kuwa mama mkwe alikuwa anaingia kesho yake kwa basi kutoka Tanga.

Nilimpokea Stendi ya Magufuli, nikamweka kiti cha nyuma kwa heshima zote, na dumu lake la mafuta ya nazi pembeni yake. Tukashika njia ya Malambamawili. "Koko" hakuna. Mkia hauhami. Nikawa naendesha kwa mkono mmoja. Lakini kila tuta gari lilitoa mlio mwembamba wa kulalamika, "kwiii", na dumu likateleza mbele. Mama mkwe akalirudisha. Tuta jingine, likateleza. Kwenye tuta la nne akajishika kiti changu.

"Mwanangu, mbona tunakwenda tumesujudu?"

"Bushi mpya, mama. Nimefunga mwenyewe."

Kimya. Ukwe wa pwani una kimya chake, ukikisikia unatafuta kosa kabla hujaambiwa.

"Ulizifunga gari likiwa juu?"

"Ndiyo, mama. Kwenye stendi."

"Matairi yananing'inia?"

"Ndiyo, mama."

"Eee."

Mama mkwe alikuwa na Hiace mbili za vipanya Tanga, miaka ile, zikienda Raskazone. Hili nililijua kama mtu anavyojua kwamba babu yake aliwahi kucheza mpira. Sikujua kwamba mafundi walimwibia mpaka akaanza kukaa nao gereji na mkeka wake, akiwatazama mikono. "Bushi si beringi," akasema, akiwa amekumbatia dumu. "Haizunguki. Raba imegandishwa chuma na chuma, inajipinda tu na kurudi. Wewe umeikaza tairi likiwa limening'inia, umeiambia hapo ndipo kwao. Sasa umeishusha barabarani, kutwa kucha inapigania kurudi kwao. Itachanika kabla ya Mfungo Mosi."

Nilitaka kusema kitu kuhusu nguvu na mwendo. Nikanyamaza.

Hakutaka hata chai. Alivua baibui, akabaki na kanga yake, akauliza wapi pana mtaro. Mbele ya nyumba yetu upo, mkavu wakati huu wa mwaka isipokuwa pale nilipolala mimi. Tukalipanga gari matairi ya kushoto huku, ya kulia kule, mtaro katikati, uzito wote ukiwa kwenye matairi yake. Amri ikatoka kwa yule aliyesimama juu yangu, miguu tu naiona na ndala: legeza zote, usitoe hata moja, tulitikise likae, kisha kaza.

Bolti ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nilipoilegeza, zile raba zilizokuwa zimejipinda zikaachia kwa pamoja, "KWAAA", na gari zima likashuka vidole vitatu kuelekea pua yangu.

Siku hizi nasimulia kwamba niliguna. Shemeji anasema nilimwita marehemu bibi yangu kwa jina lake la utotoni. Nilichokumbuka ni kwamba nilijaribu kuinuka, paji la uso likakutana na mkono wa nyuma kushoto, ule ule nilioupika na maharage. Watoto wa mtaa mzima walikuja. Mama mkwe hakuwafukuza, aliwapakia. Sita kiti cha nyuma, watatu kwenye buti, "Haya rukeni!" Wakaruka huku nimelala chini yao na spana ya 17 kifuani, nasoma shahada. Wakashuka, gari likatulia, likawa limekaa kama gari. Nikakaza bolti zote. Mlio ukaisha.

Nilitoka mtaroni nikimkwepa mama mkwe, maana si vizuri akuone ukiwa hivyo, akanipa kipande cha barafu cha paji la uso bila kunitazama.

Tulikuwa tunakula, wali wa nazi safari hii, pakabishwa hodi. Mama mmoja wa nyumba za nyuma, kamshika mwanawe mkono. Mkono wa pili ana kifuko cha barafu.

"Samahani, baba. Huyu alinunua barafu kwenu Ijumaa gizani. Kailamba siku mbili, haiyeyuki."

Nikaipokea. Ilikuwa safi, ina alama mbili za meno kwenye raba.

"Anataka mia mbili yake," akasema, "na anauliza ya ubuyu iko wapi."