Nilikwenda Kufunga Akaunti, Nikalishwa Keki

Akaunti yenyewe sikuwahi kuitaka. Sisi mafundi wa Keko mzunguko wetu wa pesa unajulikana: mteja anatoa advansi, unakimbilia mbao, unapiga kazi, unamaliziwa, jioni iko mfukoni. Ila kuna ofisi moja ya mjini iliniagiza meza na makabati, na mhasibu wao akanitamkia wazi kwamba pale hakuna kulipana mkononi wala kwa simu, ni benki tu. Nikabeba namba yangu ya NIDA na barua ya serikali ya mtaa, nikaenda.

Dada aliyenifungulia alikuwa mkarimu mpaka nikaona haya. Alinisogezea karatasi za Kiingereza zenye herufi ndogo kama mayai ya kunguni, nikasaini kila palipowekwa alama ya iksi. Nikatoka na kadi inayong'aa. Ofisi ikalipa, nikatoa karibu zote siku hiyohiyo, nikampunguzia mzee wa mbao deni lake, nikaacha shilingi 50,000 makusudi. Hizo zilikuwa mbegu ya kununulia randa ya umeme. Nilijisemea, zikikaa nyumbani zitaliwa, zikikaa benki zitatulia.

Siku nilipopata hela nyingine ya kuongezea, nikapita ATM kwanza kujua nasimamia wapi. Mashine ikaandika 20,618. Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu kanibadilishia kadi. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja tu, na yeye alikuwa ananihimiza kwa macho.

Kabla sijaweka kadi kwenye pochi, simu ikalia. "Ndugu mteja, akaunti yako imekatwa TZS 354 kwa huduma ya kuangalia salio." Yaani kuchungulia hela yangu mwenyewe ni bidhaa. Ikalia tena: nimekatwa 118, gharama ya ujumbe. Nikasimama palepale nasubiri wa tatu, wa kunijulisha gharama ya ujumbe ulionijulisha gharama. Haukuja. Nadhani hata kompyuta ina mahali inapoona aibu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Nikabonyeza. Kwa masuala ya kadi bonyeza mbili, kwa mikopo bonyeza tatu, kwa mtu aliyeibiwa na benki yenyewe hawajaweka namba. Nikangoja kuongea na mhudumu. Kinanda kikapigwa, sauti nyororo ikawa inaingia kila baada ya muda kuniambia simu yangu ni ya muhimu sana kwao. Umuhimu wangu ulidumu mpaka vocha ilipokwisha.

Basi, nikaamua kwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Nilitoka kazini na ovaroli, penseli sikioni, vumbi la mninga kwenye nyusi. Mlangoni mlinzi akaninyooshea kidole: "Kofia, bosi." Nikavua. Ndani nikadhani nimeingia ukumbi wa harusi. Maputo kila kona, riboni kwenye nguzo, wafanyakazi wote wamevaa fulana zinazofanana, na spika mbili kubwa zimeegeshwa pale ambapo siku zote huwa kuna viti vya wazee. Kumbe ilikuwa Oktoba, Wiki ya Huduma kwa Wateja.

Huduma yenyewe ilikuwa hivi: madirisha sita, watu wawili. Yale manne mengine yalikuwa na maputo. Nikachukua tiketi ya foleni, nikaketi, nikatafuta bango la gharama ukutani nijisomee kabla sijaonekana mshamba. Lipo, maana kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 zinataka mteja aelezwe wazi anachokatwa. Lilikuwa nyuma ya kishada cha maputo ya bluu. Nilisogeza moja kwa kidole nikaona "Ada ya…", mlinzi akakohoa, nikaliachia likarudi mahali pake.

Zamu ikafika. Dada wa dawati la huduma, si yule wa mwanzo, alinipokea kwa tabasamu la wiki nzima.

"Dada yangu, naomba kujua hela yangu imekwenda wapi."

"Karibu sana kaka. Ungependa nikutolee stetimenti?"

"Itaniambia?"

"Itakueleza kila kitu."

Isipokuwa kwamba yenyewe inauzwa. Kurasa mbili, kila ukurasa 1,180 pamoja na VAT, jumla 2,360, zikakatwa hapohapo, na simu mfukoni ikalia kunipa habari hiyo kwa 118 yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa. Ukurasa wa pili ulikuwa na mstari mmoja juu kabisa, unanishukuru kwa kuichagua benki hiyo.

"Dada, huu wa pili mimi siuhitaji. Nirudishie hela yake."

"Umeshatoka kwenye mashine kaka."

Kwetu Keko nikikata ubao zaidi ya oda, hasara ni yangu, simpelekei mteja kipande na bili. Lakini nikanyamaza, nikachomoa penseli sikioni, nikaugeuza huo ukurasa wa shukrani, nikapigia hesabu mgongoni mwake. Ada ya mwezi 2,000, juu yake VAT asilimia 18, inakuwa 2,360. Imekatwa mara nane. Halafu ada ya kadi kwa mwaka, 9,440. Halafu kila makato yakifanyika ujumbe wa 118, ambao nilikuwa nikiufuta bila kuusoma nikidhani ni matangazo ya bahati nasibu. Hesabu ikagonga mulemule, hakuna hata shilingi iliyoibiwa kienyeji. Hapo ndipo nilipochoka. Mtu akiibiwa anapiga kelele, watu wanakuja. Hata ile tozo ya miamala ya simu ya 2021 ilikuwa na jina lake, nchi nzima tuliipigia kelele na serikali ikaipunguza. Hii ya kwangu imeandikwa vizuri, imepigwa mstari, nitamwitia nani mwizi?

"Hii kadi nimeitumia mara mbili tu," nikasema.

"Ada si ya kuitumia kaka. Ni ya kuwa nayo."

"Sawa. Naifunga akaunti."

Uso wake ukabadilika kama nimemtajia msiba. "Jamani kaka, tunasikitika kukupoteza." Akabonyeza bonyeza. "Kufunga akaunti ni 15,000, na VAT inakuwa 17,700."

"Na mimi nina ngapi?"

"Una 17,668."

Tukatazamana.

"Unapungukiwa shilingi 32," akasema taratibu, kama daktari.

Sasa niambie, shilingi 32 unaitoa wapi nchi hii? Nikaingiza mkono kwenye ovaroli, nikapita misumari, nikatoa sarafu ya 50, nikaiweka mezani. "Ingiza hiyo, chenji wapeni watoto."

"Kaka, kaunta haipokei chini ya elfu moja. Na hata ingepokea, ukiweka hela utapata ujumbe."

"Wa 118?"

"Ndiyo kaka."

"Kwa hiyo nikiweka 50 nitakuwa napungukiwa mia moja."

Akafikiri, akapiga kwenye kikokotoo, akanionyesha. Ilikuwa mia kamili. Nadhani alifurahi kwamba tumeelewana. "Labda umwone meneja wa tawi," akasema, "na bahati nzuri huyo anakuja."

Meneja alikuwa anakuja kweli, lakini hakuwa anakuja peke yake. Mbele yake kulikuwa na mshereheshaji mwenye kipaza sauti, nyuma yake kijana wa kamera, na katikati toroli la keki yenye krimu ya bluu. Spika zikafunguliwa muziki. Mshereheshaji akatangaza kwamba leo tunataka mteja mmoja, mteja wa ukweli, mwananchi wa kawaida, aje akate keki na meneja kwa niaba ya wateja wote. Watu wa foleni wakakaza macho kwenye tiketi zao. Hakuna aliyekuwa mjinga wa kupoteza namba yake kwa ajili ya keki. Aliyekuwa amesimama, hana namba, na ovaroli lake linaonekana vizuri kwenye picha, alikuwa mimi.

Nikavutwa mkono. "Mteja wetu unatokea wapi?"

"Keko."

"Na leo umetutembelea kwa ajili gani?"

Nikaona Mungu kanifungulia mlango. Kipaza sauti, meneja hapa, watu wote wanasikia. Nikavuta pumzi: "Mimi nimekuja kufunga—"

"Amefunga safari!" akapaza sauti yule bwana, kipaza sauti keshakirudisha kwake. "Kutoka Keko mpaka hapa, amefunga safari kuja kusherehekea na sisi! Makofi tafadhali!"

Wakapiga makofi. Hata yule dada wa dawati, ambaye anajua kila kitu, alipiga. Nikashikishwa kisu juu ya mkono wa meneja, tukakata. Nikafungua mdomo nimweleze meneja mambo ya shilingi 32, akaingiza kipande cha keki. Krimu ikanipanda puani, macho yakatoka machozi. Kamera ikapiga hapohapo.

Keki ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Kavu kidogo kwa ndani, lakini nzuri.

Nilipomeza, nikamwambia meneja suala langu kwa haraka. Akanisikiliza kwa makini, akaniwekea mkono begani, akasema amelichukua, na kwamba ingekuwa vizuri niliandike kwenye fomu ya maoni. Fomu ilikuwa na vichwa vitano vya katuni, kuanzia anayecheka mpaka anayelia, uchague kimoja. Nafasi ya maelezo ilitosha kuandika jina. Kalamu ya benki ilikuwa imefungwa kwa cheni fupi, ikabidi niinamishe bega kama anayechota maji kisimani. Nikazungushia yule anayelia mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Meneja akanizawadia fulana na kofia yenye nembo yao. Nikaivaa kofia. Mlangoni mlinzi akanyoosha kidole: "Kofia, bosi."

Nikadhani yameisha hapo. Kumbe nikiwa kwenye daladala, picha ilishapanda mtandaoni. Mwandishi wao, Mungu amsamehe, aliandika kwamba mteja wao fundi ameshindwa kujizuia kutoa machozi ya furaha. Shemeji yangu wa Mbagala ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga. Kwanza pongezi, halafu kimya kidogo, halafu akasema anaomba laki mbili tu, atarudisha mwisho wa mwezi. Nikamwambia sina. Akasema, "Haya shemeji, tumekuona." Akakata. Mke wangu yeye hakupiga. Aliituma ile picha, bila neno lolote, halafu akaweka alama moja ya kuuliza. Hiyo alama ilinitisha kuliko meneja, mlinzi na mashine vikichanganywa.

Karakana nilikuta vijana wamesimamisha randa. Mmoja anauliza keki ilikuwa ya ladha gani, mwingine anataka kujua mkopo wenyewe ni milioni ngapi na kama nitanunua mashine ya kukereza. Kabla sijajibu nikamwona mzee wa mbao anavuka mtaro, kanzu kaishika kwa mkono mmoja, simu kwa mkono mwingine. Mzee huyu hatembei kwenye jua la saa nane bila sababu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naona siku hizi unalishwa."

"Mzee wangu, hiyo picha—"

"Mninga wangu uliuchukua lini?"

"Mzee, nisikilize kwanza."

"Mimi nikija hapa unaniambia mambo magumu, mzee vumilia. Navumilia. Kumbe mambo magumu yenyewe ndiyo haya, meneja wa benki mzima anakulisha kwa mkono wake, unalia kwa furaha." Akanisogezea simu usoni, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikabaki krimu na jicho langu moja. "Hili ni jicho la mtu asiye na hela?"

Maneno hayakufaa kitu. Nikachomoa stetimenti mfukoni, nikaifungua juu ya meza ya kazi, nikapangusa vumbi. Nikamsomea mstari kwa mstari, kwa sababu Kiingereza cha vifupisho hata mwenye Kiingereza hakielewi. Ada ya mwezi. Ada ya kadi. Ujumbe. Ujumbe. Ujumbe. Kuuliza salio. Mzee akawa anatikisa kichwa. Akachukua ukurasa wa pili.

"Na huu?"

"Huo ni wa shukrani. 1,180."

Akaugeuza, akaona hesabu zangu za penseli, akafika kwenye ile 32. Akanitazama. Nikamwelezea habari ya sarafu ya 50. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kudaiwa naye, mzee akavuta kigoda akakaa bila kuambiwa.

"Hii benki," akasema, "si ndiyo hii yenye nembo ya kofia yako?"

"Ndiyo hiyohiyo mzee."

"Na mimi ndiyo yangu. Yule mjukuu wangu alinifungulia, nikaweka hela za msiba zilizobaki. Muda mrefu sijazigusa." Akawa tayari keshashika simu, kidole gumba kinatafuta nyota, anasoma namba kwa sauti.

"Mzee, usiulize salio!"

Kidole kikawa kimeshabonyeza. Simu ikalia mara moja. Ikanyamaza. Ikalia tena. Vijana wote wamejaa mlangoni, hakuna anayepumua.

"Zimeingia mbili," mzee akasema. "Nisomee, miwani yangu imejaa vumbi lako."

Nikamsomea ya kwanza. Nikamsomea ya pili.

"Hii ya pili ni ya nini?"

"Ni ya kukuletea ile ya kwanza, mzee."

Akaichukua simu yake, akaiweka ndani kabisa ya kanzu, mfuko wa moyoni. Akakaa. Akaitazama ile fulana yangu mpya iliyotundikwa kwenye msumari.

"Hiyo keki," akaniuliza, "wanagawa mpaka lini?"