Kwa nini kurudi Mwezini kunachukua muda mrefu kuliko kwenda mara ya kwanza

Agosti 1968 wakubwa wa NASA walifikia uamuzi ambao leo sidhani kama kuna mkuu wa shirika hilo angethubutu kuutia saini. Roketi ya Saturn V ilikuwa imerushwa mara mbili tu, zote bila mtu ndani. Mara ya pili, Aprili mwaka huohuo, ilitetemeka vibaya ikipanda, injini mbili za hatua ya pili zikazimika, na ile ya hatua ya tatu ikagoma kuwaka upya angani. Pamoja na hayo, waliamua kwamba mrusho wa tatu utabeba watu, na watu hao hawataishia kuizunguka Dunia, bali watapelekwa hadi Mwezini. Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders waliondoka tarehe 21 Desemba 1968, wakauzunguka Mwezi mara 10 na kurudi salama. Miezi saba baadaye Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua.

Nimeanza na uamuzi huo kwa sababu unajibu nusu ya swali ambalo huibuka kila mpango wa Artemis, ule wa NASA wa kuwarudisha watu Mwezini, unapotajwa: iweje walifika 1969 wakiwa na kompyuta dhaifu kuliko simu ya mfukoni, na leo tarehe inasogezwa mwaka hadi mwaka? Swali hilo huulizwa kana kwamba safari ni ileile. Kwa maoni yangu, kuna ucheleweshaji wa aina mbili uliotiwa kapu moja. Mmoja unatokana na kujali roho za watu, na mwingine unatokana na wanasiasa kuyumba na kugawana ulaji. Wa kwanza nautetea bila kusita. Wa pili umekula miaka mingi zaidi, na ndio unaostahili lawama.

Kuna wanaolijibu swali hilo kwa mkato: hawakwenda kabisa. Kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa zimechunguzwa na wanasayansi wa nchi nyingi. Vioo vya kuakisi leza vilivyoachwa kule bado vinatumika kupima umbali wa Mwezi. Chombo cha LRO kinachouzunguka Mwezi kimepiga picha za maeneo waliyotua, na vijia vilivyoachwa na nyayo zao vinaonekana. Umoja wa Kisovyeti nao, uliokuwa na kila sababu ya kuwaumbua Wamarekani, haukupinga. Tuendelee.

Tuje kwenye fedha. John Kennedy aliposimama mbele ya Bunge tarehe 25 Mei 1961 kuahidi kumfikisha mtu Mwezini kabla ya muongo kuisha, Marekani ilikuwa na uzoefu wa dakika 15 tu za mtu angani. Yuri Gagarin alikuwa ameshaizunguka Dunia mwezi uliotangulia, na Washington iliona aibu hiyo kama kushindwa vita. Ndiyo maana mfuko ulifunguliwa. Kufikia 1966 NASA ilikuwa inachukua zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kuu, na katika kilele chake mradi huo wa Mwezini, ulioitwa Apollo, uliajiri watu wapatao 400,000. Leo NASA nzima, pamoja na darubini zake, setilaiti za hali ya hewa na roboti za Mirihi, inapata chini ya nusu ya asilimia moja.

Hata wakati ule si wote walioridhika. Siku moja kabla ya Apollo 11, iliyombeba Armstrong, kuondoka, mchungaji Ralph Abernathy aliongoza familia maskini hadi karibu na kituo cha kurushia, wakiwa na magari ya kukokotwa na nyumbu, kuhoji nchi inawezaje kufika Mwezini huku watoto wake wanalala njaa. Siwezi kuwabeza. Kasi ya Apollo ilinunuliwa kwa bei ambayo wananchi wengi wa nchi hiyo hawakutaka kuendelea kuilipa, na anayetaka mwendo ule leo atuambie kwanza fedha zitatoka wapi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoifanya Apollo kipimo cha kawaida. Ulikuwa mradi wa dharura, na dharura ilipokwisha ukakatwa. Uamuzi wa kusimamisha utengenezaji wa Saturn V ulifanyika 1968, kabla mtu hajakanyaga Mwezi. Mwaka 1970 safari tatu za mwisho zilizopangwa zilifutwa. Desemba 1972 Gene Cernan alipanda ngazi ya chombo chake, na nyuma yake hapakuwa na mwingine.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Mwaka 1989 Rais George H. W. Bush alitangaza kurudi Mwezini, lakini Bunge lilipoona gharama likageuza uso. Mwaka 2004 mwanawe, George W. Bush, alitangaza tena, na lengo likawa kutua kufikia 2020. Mwaka 2010 Barack Obama aliufuta mradi huo, uliokuwa umekwishameza mabilioni ya dola. Mwaka 2017 Donald Trump aliurudisha Mwezi kwenye orodha, na 2019 makamu wake Mike Pence akaitaka NASA itue kufikia 2024. Kila aliyeingia aling'oa alichopanda mwenzake, wakati roketi ya aina hii inahitaji muongo mzima kukomaa. Wahandisi walioajiriwa wakiwa vijana kwenye mpango mmoja wamestaafu bila kuona hata mmoja ukifika.

Kuacha kazi njiani kuna gharama isiyoonekana kwenye vitabu vya hesabu. Saturn V iliinuliwa na injini tano za F-1. Mwanzoni injini hizo zilikuwa zinalipuka kwenye majaribio kwa sababu moto ndani ya chumba cha mwako ulikuwa unayumba, na ilibidi wabuni vigawanyo kwenye bamba la kunyunyizia mafuta, wachome, waharibu, wabadili, wachome tena, hadi ukatulia. Miaka zaidi ya 40 baadaye vijana wa kituo cha Marshall huko Alabama walifungua injini moja ya zamani, wakaipima kipande kwa kipande kwa mashine ya kuskani. Michoro yote ilikuwepo. Walichokikuta ni kwamba injini haikuwa sawa kabisa na michoro. Mafundi waliziunganisha kwa mkono, na kila injini ilikuwa na marekebisho yake madogo: hapa weldi imeongezwa, pale tundu limesogezwa kidogo. Mengi ya hayo hayakuandikwa popote. Yalikaa kichwani na mikononi mwa waliozitengeneza, na wengi wao walikuwa wameshaaga dunia. Vijana hao walifanikiwa kuiwasha upya sehemu moja tu, ile inayoendesha pampu. Ndiyo maana jibu la "si watoe tu michoro ya zamani" halisaidii. Ujuzi wa namna hiyo unaishi kwa kutumiwa.

Sasa nautetea ule ucheleweshaji wa kwanza. Novemba 2022 Artemis I ilipeleka chombo cha Orion kuuzunguka Mwezi bila watu, kikarudi baada ya siku 25. Kwenye runinga ilionekana safari isiyo na doa. Walipokigeuza na kuitazama ngao yake ya joto, yenye upana wa mita 5, walikuta vipande vya tabaka lililoungua vimebanduka mahali zaidi ya 100. Ngao hiyo imetengenezwa iungue taratibu na kuondoka na joto, lakini haikutakiwa kumeguka mabonge.

Uchunguzi ulichukua karibu miaka miwili. Orion inarudi kwa kilomita 40,000 kwa saa, na ili kuchagua vizuri pa kuangukia, inachovya kwenye angahewa, inapanda kidogo, kisha inazama tena, kama kijiwe kinachodunda juu ya maji. Ikawa kwamba katika kile kipindi cha kupanda joto la nje lilipungua, tabaka la juu halikuungua kwa kasi ya kutosha kupitisha gesi, huku ndani gesi ikiendelea kuzalishwa. Ikakosa pa kutokea, ikapasua. Vipimo vya ndani ya chombo vilionyesha kuwa kama kungekuwa na wanaanga, wangerudi wazima. Hata hivyo NASA haikukubali kupakia watu kabla ya kujua sababu, na Desemba 2024 ilisogeza safari ya kwanza yenye watu hadi Aprili 2026, na ile ya kutua hadi katikati ya 2027. Ngao ya safari ya kwanza yenye watu haikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni njia ya kurudi.

Wapo waliosema huo ni woga uliopitiliza, na wapo wataalamu waliosema kinyume, kwamba ngao yenyewe ilipaswa kubadilishwa. Mimi nawakumbuka Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walioteketea Januari 1967 ndani ya chombo kilichokuwa bado chini, kwenye jaribio tu, kwa sababu chumba chao kilijazwa oksijeni tupu na mlango ulikuwa haufunguki haraka. Nawakumbuka saba waliokufa kwenye Challenger mwaka 1986 na saba wa Columbia mwaka 2003, vyombo viwili vya Space Shuttle. Katika ajali zote mbili dalili zilikuwa zimeonekana kwenye safari za nyuma, zikazoeleka. Ngao iliyomeguka na chombo kikarudi salama ni dalili ya aina hiyohiyo. Miaka miwili ya kuisoma si mingi. Mwaka 1969 Rais Nixon alikuwa ameshaandaliwa hotuba ya kusoma endapo Armstrong na Aldrin wangekwama Mwezini. Kizazi kile kilikubali uwezekano huo kama sehemu ya mchezo. Sioni kwa nini cha leo kikubali, wakati hakuna vita ya kushinda.

Tena safari yenyewe imebadilika. Apollo zote zilitua upande unaotazama Dunia, si mbali sana na ikweta ya Mwezi, kwenye mwanga mzuri wa asubuhi. Armstrong na mwenzake walikaa juu ya Mwezi chini ya saa 22. Sasa wanataka ncha ya kusini, ambako kuna mashimo yasiyopata jua kamwe na ndani yake kuna barafu ya maji. Huko jua linatambaa pembeni ya upeo, vivuli ni virefu na vyeusi tii, na mtu anaweza asione shimo lililo mbele yake. Vyombo visivyo na watu vilivyojaribu maeneo ya kusini vinatosha kuonya: Luna 25 ya Urusi ilijipigiza Agosti 2023, siku chache kabla ya Chandrayaan-3 ya India kutua vyema, na Odysseus ya Marekani ilivunja mguu na kuinama Februari 2024. Halafu kuna vumbi. Halina upepo wala maji ya kulilainisha, kwa hiyo kila chembe ina ncha kali kama kigae. Siku tatu tu za Apollo 17 zilitosha kukaza viungo vya suti na kumwasha pua Harrison Schmitt. Suti mpya inatakiwa kuvumilia kwa karibu wiki nzima.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningesema tuwe wavumilivu. Lakini haiishii hapo. Roketi ya SLS, inayoibeba Orion, ilizaliwa kwa sheria ya mwaka 2010, na sheria hiyo iliitaka NASA itumie kadiri iwezekanavyo mikataba, viwanda na wafanyakazi waliokuwepo tangu enzi za Space Shuttle. Ilitakiwa iwe tayari mwisho wa 2016. Iliruka mwishoni mwa 2022. Injini zake kuu zilizobaki kwenye Shuttle, ambazo zilibuniwa ziruke mara nyingi, sasa zinatupwa baharini kila safari. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA aliliambia Bunge kwamba kila mrusho mmoja kati ya minne ya kwanza utagharimu dola bilioni 4.1, na kwamba gharama hiyo haihimiliki. Wanaoitetea wana hoja ya kweli: walihofia ujuzi kupotea tena kama ulivyopotea baada ya Apollo. Ila kutunza ujuzi ni jambo moja, na kuyapendelea majimbo ya maseneta ni jingine. Kampuni zilizolipwa gharama zao zote pamoja na faida juu yake, hata zikichelewa, hazikuwa na sababu ya kukimbia.

Kosa ambalo halitajwi sana ni mpangilio. Kampuni ya Grumman ilipewa kazi ya kujenga chombo cha kutua cha Apollo mwaka 1962, na watu walikirusha kwa mara ya kwanza Machi 1969. Zaidi ya miaka sita, tena fedha zikimwagika. Kwa Artemis, roketi ilianza 2011 na Orion hata kabla yake, lakini mkataba wa chombo cha kutua ulitolewa kwa SpaceX Aprili 2021, wakati lengo la kutua bado lilikuwa 2024. Ukapewa miaka mitatu kwa kazi iliyowachukua wa zamani sita. Na Starship, chombo chenyewe cha SpaceX, si kigari kidogo: ina urefu wa takriban mita 50, na kabla ya kuelekea Mwezini lazima ijazwe mafuta ikiwa kwenye mzingo wa Dunia, kwa safari nyingi za meli nyingine za mafuta. Kazi hiyo ya kuhamisha vimiminika vya baridi kali kati ya meli mbili angani, kwa kiasi kikubwa namna hiyo, haikuwahi kufanywa na mtu yeyote. Bei ya mkataba ni ya kudumu, kwa hiyo hasara ya kuchelewa haimwangukii mlipakodi moja kwa moja, na hilo ni jema. Lakini tarehe ya 2024 haikuwahi kuwa tarehe ya kihandisi.

Upande wa pili China inasema itapeleka watu kabla ya 2030. Ilianza mpango wa Chang'e mwaka 2004, ikaenda hatua kwa hatua: kuzunguka, kutua, kutua upande usioonekana kutoka Duniani mwaka 2019, na Juni 2024 kuleta udongo kutoka upande huo. Mengi ya matatizo yao hatuyasikii, maana hakuna mkaguzi anayeyaanika bungeni, na hilo silitamani. Ninachokitamani ni kwamba waliamua mara moja na hawakuanza moja kila baada ya uchaguzi. Ninaowaogopa ni watakaosema, kwa kuwa Beijing inakaribia, wachunguzi wa ngao ya joto wapunguziwe muda. Ni afadhali Wachina watangulie.

Kati ya watu 12 waliowahi kutembea juu ya Mwezi, hakuna aliyezaliwa baada ya 1935. Waliokwisha kufa hawaulizwi tena jinsi ardhi ile ilivyowadanganya macho walipokuwa wanashuka, au suti ilivyokataa kukunjwa siku ya tatu, na wachache waliobaki wameshazeeka. Wanaanga wapya wangeweza kukaa nao miaka 20 iliyopita, wakiwa na tarehe halisi mkononi.