Kiyoyozi cha zamani: kukitengeneza au kukibadilisha?

Februari mwaka huu mama mdogo alinipigia simu kutoka Upanga, saa tano usiku. "Mwanangu, hii AC inapuliza upepo tu, baridi hamna. Fundi anasema gesi imeisha tena, na hii ni mara ya tatu tangu mwaka juzi. Kaka yako ananiambia niitupe ninunue mpya. Nifanyeje?" Kiyoyozi chenyewe alikinunua marehemu baba mdogo mwaka 2009. Ni cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), kinatumia gesi ya R22, na hadi mwaka juzi hakikuwahi kumsumbua.

Kaskazi ikianza kuvuma, swali hili linaulizwa katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, na majibu huja haraka. Wapo wanaosema mashine za zamani ni imara, za siku hizi ni bati na plastiki. Wapo wanaosema ya zamani inakula umeme, iondoke. Wote wana hoja. Kosa lao ni kwamba wote wanaanza na umri wa mashine, wakati cha kuuliza kwanza ni nini kimeharibika, na mashine hiyo inafanya kazi usiku ngapi kwa mwaka.

Hebu tuanze na hilo neno "gesi imeisha". Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile, miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Fundi anayekuongezea gesi kila mwaka bila kutafuta panapovuja anakuuzia kitu kilekile mara tatu, na inaniuma zaidi anapomfanyia hivyo mama wa miaka sabini.

Nilikwenda na fundi mwingine. Alichanganya sabuni ya unga na maji kidogo kwenye kikombe, akachovya brashi ya rangi, akapaka povu kwenye nati mbili zinazounganisha bomba la shaba na mashine ya nje. Nati ya kwanza, kimya. Ya pili, povu likaanza kuvimba taratibu, kipovu kimoja kikubwa kikapasuka, kikafuata kingine. Mdomo wa bomba ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akakata kipande, akautanua mdomo upya, akakaza, akavuta hewa yote kwa pampu, kisha akaacha geji zisimame nusu saa. Mshale haukusogea. Ndipo akajaza gesi kwa kupima uzito. Tatizo la miaka miwili lilikuwa sentimita moja ya shaba.

Kwa hiyo hoja ya kutengeneza ina nguvu kuliko wanavyodhani wauzaji. Kapasita (kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka), feni, rimoti, bomba la maji lililoziba, nati inayovuja: yote haya yanatengenezeka kwa gharama ndogo ukilinganisha na mashine mpya, na hayahusiani na uzee. Tena kiyoyozi cha zamani kina sifa moja inayofaa mji wetu: hakina vitu vingi vya kielektroniki. Umeme ukipanda na kushuka, kinachoungua mara nyingi ni kapasita, na kapasita inapatikana Kariakoo siku hiyohiyo.

Upande wa pili una uzito wake, na unaanzia baharini. Mashine ya nje inayotazama bahari, iwe Upanga, Masaki au Kigamboni, inakula chumvi kila siku. Mapezi, vile vibati vyembamba vya aluminiamu, yakishaoza, ukiyagusa yanamomonyoka kama jivu la sigara, na koili, yaani mabomba yanayopita katikati yake, ikianza kutoboka, ukiziba hapa kesho inavuja pale. Hapo hakuna fundi wa kukuokoa. Kutia gesi kwenye koili ya namna hiyo ni kuimwaga hewani.

Kompresa iliyoungua, ile pampu inayosukuma gesi, nayo ni habari nyingine. Ya saluni ya dada yangu, Sinza, iliungua mwaka jana, akashauriwa aende eneo la Gerezani, hapa mjini, anunue iliyotumika. Kompresa ikiungua, mafuta yake hugeuka asidi na kusambaa kwenye mabomba. Usiposafisha mfumo mzima na kubadilisha chujio lake, kompresa ya pili inaingia kwenye sumu ya ile ya kwanza. Fundi aliyempa bei hakuyataja hayo kabisa. Nilimwambia dada asithubutu.

Halafu kuna R22 yenyewe. Inatoboa tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ndiyo inayoiondoa. Kwa nchi zinazoendelea, kufikia 2025 matumizi ya kundi lake yalitakiwa yawe yamepungua kwa asilimia 67.5, na 2030 yakome, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo hadi 2040. Maana yake mashine ya mama mdogo bado ina gesi ya kutumia, lakini kila mwaka itakuwa adimu zaidi. Na asije mtu akajaza R410A, gesi ya mashine za baadaye, badala yake: msukumo wake ni mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 60 na mafuta ya kompresa ni ya aina nyingine. Kujaza gesi ya propani kwenye mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake ni hatari ya moto chumbani.

Umeme je? Hapa ndipo watu wanapigana kwa maneno bila kupima. Baada ya matengenezo tulizima kila kitu kwa mama mdogo, hata friji, tukasoma mita ya LUKU usiku na alfajiri. Kwa muda wa saa nane, karibu uniti 7. Kwa jirani yangu Kijitonyama, kiyoyozi cha inveta (kinachopunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha) cha ukubwa huohuo kilikula uniti 4 na nusu. Tofauti ni uniti 2 na nusu kwa usiku. Kwa Sh356 kila uniti, kodi na tozo zikiwemo, ni kama Sh890.

Mama mdogo anawasha kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi ikishaingia anafungua madirisha. Usiku 120 ni takriban Sh107,000 kwa mwaka. Mashine mpya pamoja na kufunga aliambiwa Sh1,200,000. Itamchukua zaidi ya miaka kumi na moja kurudisha fedha yake. Anayewasha kila usiku mwaka mzima anaokoa karibu Sh325,000, na fedha yake inarudi kabla ya miaka minne. Mashine ileile, bei ileile, majibu mawili tofauti.

Dada alinunua mpya, ya inveta, na alikuwa sahihi, kwa sababu saluni inawaka mchana kutwa. Lakini wiki ya sita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, bodi ikaungua, akasubiri nyingine karibu mwezi mzima huku wateja wakijipepea kwa magazeti. Kifaa cha kulinda umeme kingemgharimu sehemu ndogo sana ya bei ya bodi. Anayebadilisha akiweke siku ileile ya kufunga, na asimruhusu fundi afungulie gesi kabla ya kuvuta hewa kwa pampu.

Aangalie na gesi anayonunua. R410A haiharibu ozoni, lakini inapasha dunia joto mara 2,088 ya hewa ukaa, zaidi hata ya R22 yenye 1,810, na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, ya Itifaki ileile ya Montreal, yanaibana gesi ya aina hiyo. Gesi nyingine, R32, ina 675. Inaweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi, hivyo inataka fundi aliyefundishwa kuishughulikia. Mimi ningechukua hiyo. Anayenunua R410A leo kwa sababu ni ya bei nafuu dukani anaweza kujikuta baadaye pale alipo mama mdogo sasa.

Mama mdogo hakununua. Tulimsafishia koili kwa maji baridi, tukaikagua kwa tochi: mapezi ya chini yameanza kuwa meupe kwa chumvi, ya juu bado mazima. Mashine hiyo nimeipa pengine misimu mitatu. Tangu Machi ameanza kuweka Sh30,000 kila mwezi kwenye kikoba chake, na kwenye daftari ameandika kwa herufi kubwa: AC.